Majilio ya wasioweza kusubiri

Huku kwetu Masasi, mkoani Mtwara, Majilio, yale majuma ya kungoja Noeli, hayaji peke yake, yanakuja na korosho. Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia mwisho wa Novemba au siku za mwanzo za Desemba, na wakati huo mtu hana nafasi. Mabibo, matunda ya mkorosho, yanaanguka usiku na mchana, minada inaendelea, mvua za kwanza zinanukia, na anayetaka kuwahi kupanda mahindi ameshashika jembe upande wa pili. Kanisani kitambaa cha altare kimebadilika kuwa zambarau, wimbo wa Utukufu hauimbwi, na shada la mishumaa minne tumelisuka kwa majani ya mkorosho maana ndiyo majani tuliyo nayo. Mshumaa wa waridi wa Jumapili ya tatu madukani kwetu hakuna, basi tunafunga utepe wa waridi kwenye mshumaa mweupe, mambo yanakwenda. Padre anatuambia tukeshe, tusubiri. Nusu ya waamini wamekaa kwenye mabenchi wanahesabu magunia kichwani.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na ni mweka hazina wa jumuiya ndogo ndogo yetu. Mweka hazina huyaona mambo ambayo mwenyekiti hayaoni. Mwenyekiti anajua nani kahudhuria sala. Mimi namjua aliyetoa noti ya elfu moja akaomba arudishiwe mia nane, na ninajua nyumbani kwake kuna nini.

Kila Majilio jumuiya yetu hufanya tendo la huruma. Kila kaya inaleta kitu: sukari, chumvi, mche wa sabuni, unga. Tunapanga vifurushi, tunakwenda kwa wagonjwa na wazee tukiimba, tunasali, tunapiga picha, tunarudi. Silidharau jambo hilo hata kidogo. Mtu aliyelala peke yake tangu alfajiri, wakimwingilia watu kumi na wimbo, siku yake inabadilika. Ila kilo moja ya sukari haifiki sikukuu ya Epifania, na ukweli ni kwamba majira haya ya mwaka mateso ya watu wa huku hayatokani na kukosa sukari.

Kwa asiyeishi kusini nieleze kidogo. Tangu msimu wa 2007 korosho za Mtwara zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Unaokota, unakausha, unapeleka kwenye chama cha msingi, zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, zinapigwa mnada, kisha fedha inaingia kwenye akaunti yako. Mnada mara nyingi unatoa bei ambayo mnunuzi wa kupita nyumba kwa nyumba hawezi kukupa. Lakini utaratibu huu unamtaka mkulima awe na kitu kimoja ambacho hakiandikwi kwenye fomu yoyote: awe na uwezo wa kusubiri. Mwenye afya na akiba ya unga atasubiri. Mwenye mgonjwa hospitali hawezi. Hapo ndipo anapoingia mtu wa kangomba na fedha taslimu mfukoni, ananunua kinyemela, kwa bei ya kutupa, wakati mwingine korosho zikiwa bado juu ya mti. Ni marufuku, na kila mtu anajua ni marufuku, na kila mwaka ipo.

Mwaka 2022 Majilio yalianza Novemba 27. Wiki chache kabla ya hapo jirani yetu alianguka mwembeni akavunjika mfupa wa paja. Akapelekwa hospitali ya misheni, akalazwa mguu ukivutwa kwa uzito, na madaktari wakasema ni suala la wiki nyingi. Mkewe akaenda kumuuguza. Nyumbani wakabaki watoto watatu, mkubwa wao binti wa darasa la sita, pamoja na bibi yao ambaye macho yameshamwacha. Ni Waislamu, watu wema, tunazikana na kulishana.

Tulikwenda kumwona mgonjwa, mimi na kina mama wawili wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Wodini hatukukaa sana. Mgonjwa alikuwa amechoka kutazamwa. Tukamfuata mkewe nyuma, kwenye sehemu ya kupikia ya wauguzaji.

Ukitaka kujua mateso ya hospitali usiishie wodini, nenda huko nyuma. Wodini kuna shuka, kuna muuguzi, kuna saa ya dawa. Huko nyuma kuna watu ambao hawaumwi, kwa hiyo hakuna anayewauliza wameamkaje. Wanalala chini, wanapanga foleni ya maji, wanapikia masufuria ya kuazima, wanafua nguo za mgonjwa kwa kipande cha sabuni kilichobaki kidogo kama ukucha. Mama yule alikuwa ameinama anapuliza moto wa kuni mbichi, kanga ameifunga kichwani, macho mekundu kwa moshi. Alipotuona akasimama, akajifuta mikono.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba mwanangu. Poleni na kuuguza.”

“Tumeshapoa.” Kisha kabla hata hatujakaa: “Mwalimu, umepita kwangu? Zinaanguka?”

“Zinaanguka,” nikamwambia.

Akarudi kupuliza moto. Baada ya muda akasema, bila kututazama, kwamba jana yake alikuja mtu pale pale hospitali. Atampa laki tatu taslimu kwa shamba zima, kuokota ataokota mwenyewe. Amemwambia atamjibu. Hata kwa bei ya msimu ule, ambayo haikuwa ya kufurahisha, korosho za shamba lile zilikuwa na thamani ya mara tatu yake. Yeye mwenyewe alijua hivyo kuliko mimi. Nani angeziokota? Na watoto wangekula nini mpaka mnada?

Tulimpa kifurushi chetu. Alishukuru, akakisukuma chini ya benchi. Sabuni ilimfaa siku ile ile. Sukari nadhani alimpa mwenzake.

Nitoke kidogo kwenye habari hii niseme jambo kwa wanaotembelea wagonjwa. Soda na biskuti mgonjwa wa paja hazimsaidii sana. Anayemuuguza anataka mkaa, ndoo yenye mfuniko, sabuni ya unga, kanga kavu, vocha ya simu aulizie watoto. Anataka mtu akae na mgonjwa mchana mmoja ili yeye aende nyumbani akaoge kwake, aone watoto kwa macho yake. Hilo la mwisho halina gharama yoyote, na sijui kwa nini ndilo adimu kuliko yote. Labda kwa sababu haliwezi kuwekwa kwenye kifurushi.

Kwenye sala ya jumuiya wiki ile nilisimama nikaeleza. Mfukoni tulikuwa na fedha tuliyoitenga kwa pango la Noeli na pilau ya watoto. Nikapendekeza tumkopeshe mama yule laki moja na nusu, ale yeye na wanawe, alipe kinachodaiwa kwa sasa, na sisi wenyewe tukamwokotee korosho zake. Kukawa na ukimya, halafu maneno yakaja yote kwa pamoja. Mzee mmoja akauliza, na aliuliza kwa haki kabisa, kwamba sasa hivi kila mtu korosho zake mwenyewe zinamshinda, tutaokotaje za mwingine? Mwingine akauliza kwa sauti ya chini kama hawa watu ni wa jumuiya yetu. Bibi mmoja wa Kimakua, ambaye kwa kawaida huwa anasinzia mpaka Baba Yetu, akafumbua macho akasema: “Korosho ikianguka haiulizi shamba la Mkristo ni lipi.” Watu wakacheka, na suala la dini likaishia hapo.

Suala la fedha halikuisha upesi hivyo. “Asipolipa je?” Nikajibu kwamba basi tutakuwa tumetoa sadaka bila kupenda. Katekista akaongeza jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: akasema kwa nini iwe mkopo, tumpe tu, ni Majilio. Lakini nilishazungumza na mama mwenyewe kwa simu mchana ule, naye alinikatia kabisa: “Mwalimu, msinipe sadaka. Nikopesheni. Nikitoka hapa nataka nipite mbele za watu.” Nikalieleza hilo kwa kikao. Hakuna aliyeongeza neno, na mkopo ukapita.

Jumamosi tukaingia shambani. Lilikuwa halijafyekwa vizuri, maana mwenye nyumba alianguka kabla hajamaliza, na chini ya mkorosho usiofyekwa korosho unaitafuta kwa vidole. Vijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, wakatangulia na mapanga. Sisi wanawake tukafuata na ndoo. Mabibo ya siku nyingi yalikuwa yameshachacha, harufu inakupanda kichwani kama umekunywa uraka, pombe ya mabibo, nzi hawasemeki. Unainama, unaokota, unainyofoa korosho kwenye bibo, unatupa kwenye ndoo, unainama tena. Maji ya bibo yanashika kwenye nguo na doa lake halitoki, ndiyo maana siku hiyo huvai kitenge cha kanisani. Kiuno changu kilinikumbusha umri. Binti wa darasa la sita alikuwa mwepesi kuliko sisi sote, na alikuwa anajua kila mkorosho wa kwao una tabia gani: huu unazaa kubwa, huu umeshikwa na ugonjwa wa ubwiriunga, huu baba alisema atauondoa.

Saa nne hivi wakaja wanaume watatu kutoka msikitini na toroli. Hatukuwaalika. Mmoja akasema amesikia Wakristo wanamfanyia kazi ndugu yao wakaona aibu. Alisema kwa utani, lakini toroli lilikuwa la kweli. Walirudi tena wiki iliyofuata, safari hii na wake zao, na kuanzia hapo sikuweza tena kusema lile lilikuwa tendo la huruma la jumuiya yetu. Lilikuwa la kijiji. Katekista alitaka tupige picha na bango. Nikamwambia bango libaki kanisani.

Kuokota ni nusu ya kazi. Korosho lazima zikaushwe siku mbili tatu kwenye jua, zisilale chini kwenye udongo, na Desemba jua la huku halina ahadi. Tulizitandaza kwenye mikeka uani kwao, bibi yao akakaa kizingitini na fimbo. Haoni, lakini kuku akikanyaga mkeka anamsikia.

Jumapili ya tatu, Desemba 11, padre alikuwa kigango kingine, sisi tukawa na ibada ya Neno na katekista. Somo la pili lilitoka kwa Mtakatifu Yakobo, sura ya 5, pale anapotaka tuvumilie hata kuja kwake Bwana kama mkulima anayengoja mazao ya nchi, huku akisubiri mvua ya kwanza na ya mwisho. Somo zuri sana. Lakini Yakobo hakuwa mkulima wa korosho. Sisi mvua ya kwanza ndiyo tunayoiogopa, maana korosho iliyolowa inavunda, inakuwa nyeusi, na kwenye mizani inakwenda daraja la pili kama itapokewa. Katekista alikuwa ndiyo kwanza anaanza kufafanua ngurumo ikapiga upande wa Tandahimba. Kanisa zima likageuka kutazama madirishani. Ngurumo ya pili, kina mama watatu wa benchi la nyuma wakainuka, wakapiga goti, wakatoka mbio. Kisha vijana. Katekista alibaki na Lekshenari, kitabu cha masomo, mkononi, akatutazama, akasema, “Nendeni jamani, nendeni. Tutamalizia.” Tukaenda. Tulikunja mikeka huku matone makubwa yakianza kutupiga mgongoni, tukaingiza korosho ndani, sebuleni na chumbani na hata chini ya kitanda cha bibi. Kisha tukarudi kanisani tumelowa, na ibada ikaendelea kutoka pale ilipokatikia.

Baadaye nyumbani nilifungua Biblia nikasoma kabla ya pale walipoanzia kusoma kanisani. Mistari michache tu juu yake Yakobo anawaambia matajiri kwamba ujira wa wakulima waliovuna mashamba yao, walioudhulumu, unapiga kelele, na vilio vya wavunaji vimefika masikioni mwa Bwana. Sehemu hiyo haisomwi Jumapili ya Majilio. Mimi naona ingesomwa, hasa huku kwetu. Anayeambiwa avumilie ni huyo huyo aliyedhulumiwa, na uvumilivu wake Yakobo hauhubiri kabla hajamkemea aliyemdhulumu.

Magunia yalikwenda chama cha msingi kwa jina la mwenyewe. Malipo yaliingia baada ya Noeli. Mwenye paja alirudi nyumbani Januari kwa magongo, mguu mmoja mfupi kidogo kuliko mwenzake, na hajapanda mwembe tena. Siku mama yule alipokuja kulipa hakuleta maneno mengi. Alihesabu fedha juu ya meza yangu, akaniomba nifungue daftari. “Futa mbele yangu, Mwalimu.” Nikapiga mstari juu ya jina lake. Akautazama mstari ule, akaniuliza kama mkaa umepanda bei, tukaendelea na habari nyingine.

Pilau ya watoto mwaka ule ilikuwa na nyama ndogo. Wazazi wawili walinung’unika na walikuwa na haki, maana mtoto naye husubiri Noeli mwaka mzima.

Sasa yule mtu wa kangomba. Ni rahisi kumfanya shetani wa hadithi hii, na siku zile mimi nilikuwa nimeshamfanya. Lakini namjua. Anasali na sisi. Pango letu la Noeli, vile vinyago vya kondoo na mamajusi, yeye ndiye aliyevilipia. Usiku mama mjamzito akizidiwa, gari linalowashwa saa nane ni lake, na hajawahi kudai mafuta. Ukimuuliza kuhusu korosho atakwambia yeye ndiye anayemkomboa mtu ambaye nyie wengine mmemwacha na shida yake: mngekuwa mnamkopesha asingekuja kwangu. Anasema hivyo kwa kujitetea, na faida yake ni dhuluma, silikwepi neno hilo. Lakini nusu ya maneno yake ni kweli, na hiyo nusu ndiyo iliyonikera usiku. Biashara yake inasimama juu ya pengo ambalo jumuiya yenye mfuko, daftari na mikono ingeweza kuliziba, walau kwa watu wachache.

Si kila pengo linazibika. Mwaka uliofuata Majilio yalianza Desemba 3, siku ile ile ya maporomoko ya Hanang kule Manyara yaliyoua zaidi ya watu 80. Jumapili iliyofuata tulisoma Isaya 40, watulizeni mioyo watu wangu, na kikapu cha kuchangia wahanga kilijaa haraka kuliko nilivyowahi kukiona kikijaa. Nilifurahi. Nilijiuliza pia kwa nini nyumba ya tatu kutoka kanisani, kulikokuwa na kijana aliyerudishwa kutoka Dar es Salaam na saratani isiyotibika, watu walikuwa wanapita haraka. Nadhani mateso ya mbali yanakuomba fedha, ya jirani yanakuomba ukae, na kukaa kunaogopesha.

Kwa kijana yule hatukuwa na korosho za kuokoa. Mama yake alishaziuza zote tangu Agosti, zikiwa maua, ili apate nauli na fedha ya kuishi Dar. Hakukuwa na la kukopesha wala la kukausha. Tukapanga zamu za usiku ili mama alale. Mwanzoni waliokwenda zamu walikwenda na vitabu vya sala, wakasali mpaka kijana akageukia ukutani. Yeye alitaka redio. Alikuwa shabiki wa Namungo, timu ya Ruangwa, na alitaka mtu wa kubishana naye kuhusu golikipa. Wanaume wa jumuiya, ambao kwenye sala huwa huwaoni, kwenye zamu hiyo walifika bila kukumbushwa. Walibishana naye mpaka sauti yake ilipokuwa haitoki, kisha wakabishana wao kwa wao kando ya kitanda, naye anasikiliza. Alifariki kabla ya Noeli. Rozari tulisali pia, usidhani tuliacha, ila ilikuwa baada ya mechi.

Yote hayo yalitufanya tubadili kalenda. Kuanzia 2024 tendo la huruma la Majilio halianzi tena Desemba. Tunakaa Septemba, korosho za kwanza zikianza kuanguka, na kikao kina swali moja: mwaka huu nani hataweza kusubiri? Majina yanatajwa polepole. Mjane aliyefiwa juzi. Mwenye mtoto anayeingia kidato cha kwanza Januari. Mama anayekaribia kujifungua na mume yuko baharini huko Mikindani. Mzee aliyechukua salfa, dawa ya mikorosho, kwa mkopo na mikorosho ikakataa. Wengine si Wakristo, na siku hizi hakuna anayeuliza. Tunagawa mikono kwanza, fedha baadaye, kwa sababu mikono tunayo zaidi. Mkopo ni mdogo na unaandikwa. Wawili hawajalipa mpaka leo. Mmoja tunajua hana kabisa, tukafuta. Wa pili anazo, na tukikutana njiani yeye ndiye anayevuka barabara.

Msimu wa 2024 bei katika minada ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na unaweza kudhani bei nzuri inaondoa kangomba. Kinyume chake. Bei ikipanda, anayenunua kwa nusu bei anapata zaidi, kwa hiyo alipita mapema zaidi na fedha nyingi zaidi. Jumapili ya tatu mwaka ule ilikuwa zamu ya Luka 3. Watu wanamuuliza Yohane Mbatizaji, tufanye nini basi? Naye hawaambii waende jangwani. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari watosheke na mishahara yao. Kila mtu anajibiwa kwa kazi yake. Injili hiyo hiyo ilisomwa Desemba 2018, msimu ambao Serikali ilitangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 na magari ya jeshi yakaja kuzibeba, na nakumbuka neno “askari” liliposomwa kanisa zima likatabasamu. Mwaka ule wengi walisubiri fedha yao mpaka mwaka mpya umeingia, na tuliona ni nyumba zipi zilikuwa na cha kusubiria.

Mwaka 2024 hakuna aliyetabasamu, maana padre alikuwepo na alimalizia orodha ya Yohane mwenyewe. Karani wa mizani, akasema, asiibe kilo. Mwenye duka asipandishe unga mvua ikinyesha. Mwenye fedha taslimu amkopeshe jirani, asinunue korosho zake zikiwa mtini. Mtu wetu wa kangomba alikuwa benchi la tatu na shati lake la Jumapili. Sikumtazama, maana watu wote walikuwa wanamtazama. Wiki ile ile alikuja kwangu jioni, akatoa laki mbili ziingie kwenye mfuko wa mikopo, jina lake lisiandikwe. Nikazipokea nikaziandika “msamaria”. Kununua hajaacha. Kwa kijana mmoja wa kitongoji chetu, ambaye jina lake lilikuwa kwenye orodha yetu, hakwenda. Kwingine alikwenda.

Mwaka huu kikao kilibishana kuhusu kitu kingine kabisa, turubai. Vijana wanataka jumuiya iwe na maturubai mawili makubwa ya kuanikia na kufunikia, tusirudie kukimbia katikati ya somo. Kina mama wa vifurushi wanaona fedha hiyo ni sukari ya kaya ishirini. Walibishana mpaka giza likaingia, na mimi kama mweka hazina nilisema tutanunua moja, na vifurushi vitakuwa vidogo. Limeshanunuliwa, liko kwangu. Anayelihitaji aje na mtu wa pili, ni zito, na alirudishe likiwa kavu.